Chiriku na Nguzo ya Mwisho

Kila jioni, taarifa ya habari ilipokaribia kwisha, karakana ya baba yake Chiriku ilijaa watu ambao hawakuwa na chuma chochote cha kuchomelea. Kinyozi alikuja na mkasi mkononi, amemwacha mteja kitini na nusu ya nywele zake. Mwalimu wa hesabu alikuja na chaki nyuma ya sikio. Wauza mboga walikaa juu ya mabomba, watoto wakabanana miguuni pa wakubwa, na Baba Chiriku akaizima jenereta yake ili redio ya betri isikike. Jenereta ile ilikuwa na kelele nyingi na kiu kubwa ya mafuta, na kuizima kulimfurahisha kila mtu, hasa mwenyewe.

Habari za dunia zilipita bila kusikilizwa. Watu walikuwa wakingoja jambo moja tu, nalo lilisomwa mwisho: maji ya bwawa yamefika wapi leo.

Bwawa lenyewe lilikuwa mbali, mwendo wa nusu siku kwa gari. Huko mto mkubwa kuliko yote nchini ulikuwa umezibwa kwa ukuta wa zege, na mitambo ya umeme ilikuwa imeshafungwa, inang'aa, haina kazi. Kilichokosekana kilikuwa maji. Kwa miaka mingi nchi ile ilikuwa imeishi kwa mgao wa umeme, leo mtaa huu una taa, kesho mtaa ule. Viwanda vilifanya kazi kwa kukatizwakatizwa. Zahanati zilitupa dawa za chanjo kila majokofu yalipozimika. Baba Chiriku alikuwa na milango na madirisha uani, yamechomelewa upande mmoja, yanasubiri umeme wa kuchomelea upande wa pili.

Sasa ziwa lilikuwa likijaa nyuma ya ukuta na kupanda polepole, bonde hadi bonde, mpaka likafika chini ya mji huu mdogo. Mji wenyewe ulikuwa mpya. Wakazi wake wengi walikuwa wamehamishwa kutoka bondeni wakajengewa nyumba juu ya kilima, na bado wazee walinyoosha vidole kuelekea majini kuonyesha mahali jiko lao lilipokuwa.

Kando ya ziwa zilisimikwa nguzo za chuma zenye alama nyeusi na nyeupe za kupimia kina. Nguzo ya mji huu ndiyo ilikuwa ya mwisho, kule mkono wa ziwa unapoishia. Ilikuwa na mistari miwili mikubwa iliyopakwa rangi. Maji yakifika mstari wa njano, wote waliolima kwenye mteremko wa chini walitakiwa kuvuna na kuondoka. Yakifika mstari mwekundu, ziwa lingekuwa limejaa vya kutosha, na mitambo ingewashwa kwa ajili ya nchi nzima. Ndiyo maana mtangazaji aliziacha nguzo nyingine zote zipite haraka, kisha akashusha pumzi na kutamka kwa sauti nzito: "Na sasa, nguzo ya mwisho."

Msoma maji wa nguzo ya mwisho alikuwa shangazi yake Chiriku. Kila alfajiri alifungua kigeti kidogo, akatembea juu ya kijidaraja cha mbao mpaka kwenye nguzo, akasoma alama, kisha akapiga simu ofisi ya bwawa. Ufunguo wa kigeti alikuwa nao yeye peke yake, kwa sababu watoto wa mji ule walipenda maji kuliko maji yalivyowapenda wao. Aliifanya kazi hiyo kwa maringo kidogo. Dukani akiulizwa hali ya maji, alijibu kwamba siri za serikali hazitolewi kwenye foleni ya sabuni.

Siku moja mbao zilikuwa na utelezi, Shangazi akateguka kifundo cha mguu. Mganga wa zahanati alimfunga bandeji na kumkataza kutembea mpaka uvimbe uishe. Ofisi ya bwawa ilikubali kwamba mpwa wake asome kwa muda. Mpwa alikuwa Chiriku, msichana wa darasa la sita, aliyepewa jina hilo na mtaa mzima kwa sababu alianza kuongea akiamka na hakumaliza akilala.

Shangazi alimpa ufunguo, simu na maelekezo marefu. Ashike kamba ya kijidaraja. Ainame mpaka macho yalingane na maji. Na kubwa kuliko yote, asome alfajiri, maji yakiwa bado yamelala. Jua likishapanda, alimweleza, upepo huvuma kutoka upande wa ukuta, ukayasukuma maji ya ziwa lote hadi huku mwisho, yakajilundika. Ukisoma wakati huo, nguzo itakwambia maji yamepanda, kumbe yamekuja tu kutembea na jioni yatarudi kwao. Chiriku alisema ameelewa. Kwa kweli alikuwa ameelewa nusu, maana nusu nyingine alikuwa akiongea.

Asubuhi za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Alisoma, akapiga simu, na mzee wa mapokezi huko ofisini akapokea kwa mtindo wake, "Haloo, haloo, haloo," hata Chiriku akamwita Mzee Haloo. Jioni, nguzo ya mwisho ilipotajwa redioni, alijiona kama ni yeye anayetangaza.

Kisha ikaja siku isiyo ya shule. Akiwa njiani kwenda kwenye nguzo, alikutana na pacha wawili wa jirani, wanafunzi wenzake, wakiruka kamba. Akaruka kidogo. Akaruka tena ili kuwaonyesha namna nzuri ya kuruka. Alipokumbuka maji, jua lilikuwa limeshapanda na miti yote ilikuwa imeinama upande mmoja. Akakimbia. Mawimbi yalikuwa yakipigapiga nguzo, na alama zilizokuwa kavu jana zilikuwa zimefunikwa. Chiriku alifurahi sana. Hakufikiria upepo hata kidogo. Alisoma, akapiga simu, na Mzee Haloo naye akafurahi hadi akasahau kusema haloo ya mwisho.

Jioni hiyo sauti ya mtangazaji ilipanda pamoja na maji. Karakana ilitikisika kwa vigelegele. Mwalimu wa hesabu alitafuta chaki na kuanza kukadiria juu ya bati ni lini taa zitawaka. Kinyozi alitangaza kwamba kesho atanyoa watoto wote bure, neno alilolijutia kabla ya kufika mlangoni. Baba Chiriku alimbeba bintiye mabegani, akamzungusha uani huku watu wakimwita Binti wa Maji, na Chiriku akaona hakuna mtu duniani mwenye bahati kama yeye.

Kesho yake alifika alfajiri. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na maji yalikuwa chini ya pale alipoyasoma jana. Alifumba macho, akafumbua, akainama tena. Maji hayakubadili kauli. Ndipo alipoyakumbuka maneno ya Shangazi.

Alishika simu muda mrefu. Angewaambiaje watu kwamba maji yamerudi nyuma? Akakata shauri kurudia namba ya jana, asubiri maji yenyewe yaifikie. Aliona huo si uongo hasa, ni kama kuazima. Lakini jioni mtangazaji alisema kwamba kwenye nguzo ya mwisho maji yamesimama palepale, na karakana ikapoa. Mtu mmoja aliuliza kama ukuta unavuja. Kinyozi aliondoka bila kuaga. Chiriku hakuweza kuvumilia nyuso zile, na asubuhi iliyofuata aliongeza alama moja. Asubuhi ya pili akaongeza nyingine, kwa kuwa watu walikuwa wameshaanza kuzoea.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Maji ya ziwa yalipanda kwa mwendo wao, na maji ya Chiriku yakapanda kwa mwendo wake. Mtaani alipewa karanga na peremende bila kuomba, na hazikuwa na utamu. Kitu kilichomwumiza zaidi kilikuwa Shangazi, ambaye kila alipoletewa uji kitandani aliuliza habari za maji, akaambiwa namba, akatikisa kichwa kwa furaha na kusema kwamba mpwa wake ana mkono wa baraka. Chiriku alianza kuongea kidogo. Mama mmoja wa mtaani alidhani ana minyoo, akamshauri baba yake ampeleke kupimwa.

Halafu jioni moja mtangazaji akasema kwamba kwenye nguzo ya mwisho maji yamefika mstari wa njano.

Watu walishangilia, lakini mama wa wale pacha hakushangilia. Alikuwa na shamba la vitunguu kwenye mteremko wa chini, amelipanda kwa kuchelewa, na vitunguu vilihitaji muda zaidi ardhini. Alipanga kuviuza anunue jokofu, ili umeme ukija auze barafu na maji baridi pale zinapotia nanga boti za abiria. Mpango huo alikuwa ameusimulia mara nyingi mpaka watu walikuwa wakisikia baridi. Sasa alisimama mlangoni pa karakana akitazama chini kilimani.

"Mbona mimi nayaona yako mbali bado?" aliuliza.

Kinyozi alimjibu kwamba macho ya mtu hudanganya, ila redio imesema. Wengine wakakubali kuwa maji ya ziwa yana ujanja, huja usipoyatazama. Mama Pacha hakubishana. Alisema amri ni amri, na kesho ataanza kung'oa. Chiriku alikuwa amekaa karibu na jenereta, akasikia kila neno.

Asubuhi alipotoka kwenye nguzo, aliwakuta shambani. Pacha walikuwa wakikusanya, na mama yao alikuwa amechuchumaa, anang'oa. Vitunguu vilivyolala kwenye udongo vilikuwa na majani marefu mazuri na vichwa vidogo kama gololi. Laiti Mama Pacha angekuwa analia, pengine Chiriku angepita njia nyingine. Lakini alikuwa akitania. Aliwaambia wanawe kwamba atavitangaza kuwa vitunguu vya kisasa, maalumu kwa watu wenye sufuria ndogo. Alipomwona Chiriku alimkaribisha kwa uso mkunjufu, akamwambia asisikitike, taa za nchi nzima si jambo la kuzuiliwa na vitunguu vya mtu mmoja, jokofu litangoja.

Chiriku aligeuka aondoke, kisha akarudi.

"Mama Pacha, acha kung'oa," alisema.

"Niache vipi, mwanangu? Maji yamefika."

"Hayajafika. Ni mimi niliyesema yamefika."

Mama Pacha alibaki amechuchumaa na kitunguu mkononi. Upepo haukuwa umeanza, na sauti ya Chiriku ilisikika wazi alipoeleza yote, tangu kamba ya kuruka hadi asubuhi ile. Alilia, lakini hakukatiza. Alipomaliza, Mama Pacha aliuliza swali moja tu, kama maji yako chini sana ya mstari. Chiriku alisema yako chini sana. Mama Pacha akatazama matuta aliyokwisha kung'oa, akatazama shamba lililobaki, akashusha pumzi.

"Haya yameshakwenda," alisema. "Yaliyobaki yamepona. Sasa nenda kwa shangazi yako ukamwambie ulivyoniambia mimi. Sitakwenda kukusemea."

Pacha mmoja aliuliza kama basi wanaweza kwenda kucheza. Mama yake alimtazama, naye akaona ni swali la siku nyingine.

Shangazi alisikiliza akiwa ameuegemeza mguu wake mbovu juu ya mto. Hakugomba. Alitaka kujua siku ya kwanza ilikuwa ipi, na kila alfajiri iliyofuata maji yalikuwa wapi hasa. Chiriku aliweza kujibu, kwa sababu namba za kweli zilikuwa zimemganda kichwani kuliko zile za uongo. Baada ya hapo Shangazi akabonyeza simu na kumpa.

"Shangazi, sema wewe, nakuomba."

"Wewe ndiye uliyesema yale. Haya nayo sema wewe."

"Haloo, haloo, haloo," alisema Mzee Haloo kwa uchangamfu. Chiriku alipoanza kueleza, uchangamfu ulikatika, zikasikika nyayo, na simu ikachukuliwa na mwanamke mwenye sauti tulivu. Alikuwa mhandisi wa maji, mkuu wa kazi ya kulijaza ziwa. Alimwambia Chiriku aanze upya, polepole. Alipomaliza, Chiriku akasikia pumzi ndefu.

"Usiondoke hapo nyumbani," mhandisi alisema. "Nakuja."

Alifika kwa boti ya injini siku hiyohiyo, amevaa buti za mpira na kofia ya kazi. Alilala kwa Shangazi, na alfajiri akaenda na Chiriku kwenye nguzo. Walipiga magoti pamoja juu ya mbao na kusoma. Mhandisi alichukua kamba yenye uzito wa madini ya risasi, akaishusha kando ya nguzo mpaka chini, akaipima, akaipima tena, halafu akakaa kitako palepale na kuanza kucheka. Alicheka kwa faraja kubwa mpaka akavua kofia.

Ndipo alipomweleza. Kule ukutani walikuwa wameona kwamba nguzo ya mwisho haikubaliani na nguzo nyingine. Hawakudhani kwamba mtu anaongeza. Walidhani nguzo inazama, yaani ardhi ya kilima kile inatitia kwa uzito wa maji, pamoja na nyumba zote zilizo juu yake. Ilikuwa imeshaamuliwa kwamba jana asubuhi wafungue malango ya ukuta na kumwaga maji, ili kuokoa mji.

"Simu yako ilipoingia, fundi alikuwa amesimama kwenye swichi," alisema mhandisi. "Tungeyamwaga maji ya miezi. Nchi ingengoja msimu mwingine wa mvua kwa sababu ya kilima ambacho hakina tatizo lolote."

 Chiriku aliwaza zahanati, na viwanda, na milango ya baba yake uani, akaogopa kwa kuchelewa. Mhandisi alimwekea mkono begani.

"Siku ile ya upepo ulikosea, na kukosea kunatokea. Hata mimi nimewahi kusoma wakati wa upepo. Ungesema kesho yake, tungecheka na kusahihisha. Tatizo lilianza ulipoona haya."

Alisema redio itasahihisha namba jioni hiyo, bila kumtaja mtu. Chiriku aliomba jambo moja, kwamba yeye mwenyewe awaambie watu wa karakanani kabla ya redio. Aliwaambia akiwa amesimama palepale alipobebwa mabegani.   Baba yake aliinuka, akazima redio ambayo ilikuwa haijaanza hata kusema, akatangaza kwamba yeye alimbeba mtoto kwa sababu ya namba, wala hakuuliza imepatikanaje, kwa hiyo na yeye ana sehemu yake. Hata hivyo Chiriku atafanya kazi kwenye shamba la Mama Pacha kila jioni mpaka vitunguu vikomae. Kwa juma zima mtaa mzima ulikula majani ya vitunguu vilivyong'olewa, na pumzi za watu zikawa kali hata kinyozi akanyoa wateja akiwa ameugeuza uso pembeni.

Shangazi alipopona, kila mtu alitarajia achukue ufunguo wake. Aliutazama, akamrudishia mpwa wake, akasema yeye atakuwa akimsindikiza hadi kigetini, lakini kusoma atasoma Chiriku. Kazi ameivuruga yeye, na ataitengeneza yeye. Kuanzia hapo Chiriku alisema namba zilivyo. Siku maji yaliposimama, alisema yamesimama. Siku moja baada ya joto kali yalishuka kidogo, na alisema yameshuka, na karakana ikaguna, na hakuna aliyekufa kwa kuguna.

Mvua za milimani zikafika. Maji yaligusa mstari wa njano wakati vitunguu vimekomaa, vichwa vikubwa kama ngumi. Mtaa mzima ulishuka kuvuna. Mwalimu wa hesabu alibeba magunia na kupiga hesabu ya kila gunia kwa sauti mpaka akaombwa achague moja, kubeba au kuhesabu. Mama Pacha aliimba kutoka asubuhi, na Chiriku, ambaye ulimi wake ulikuwa umerudi, alimwitikia kila mstari na kuongeza mingine ya kwake.

Kisha ukabaki mstari mwekundu. Mhandisi alikadiria siku, na habari zikaenea. Siku hiyo, kabla ya mapambazuko, ufukwe ulijaa watu. Walikuja na ngoma, na tarumbeta, na watoto wa shule waliovaa sare zilizopigwa pasi ya mkaa. Walikuja wageni kutoka mji mkuu. Alikuja hata yule mtangazaji, akiwa na kipaza sauti, na watoto wakashangaa kwamba sauti kubwa namna ile ilitoka kwa mtu mfupi namna ile. Mhandisi alisimama kwenye kigeti na simu sikioni, na upande wa pili wa simu mafundi wa mitambo walikuwa wakingoja neno.

Chiriku alitembea juu ya kijidaraja. Alipiga magoti, akalinganisha macho na maji. Ziwa lilikuwa limetulia. Kati ya maji na mstari mwekundu palikuwa na nafasi ya upana wa kidole.

Alingoja, akainama tena. Nafasi ilikuwepo. Nyuma yake ngoma zilikuwa zimetulia, na mtangazaji alikuwa amekinyoosha kipaza sauti juu ya maji. Nchi nzima ilikuwa ikisikiliza.

"Bado," alisema.

"Bado kidogo tu?" mtangazaji alimnong'oneza, kama anayemsaidia.

"Bado."

Mguno ulipita ufukweni kote. Mgeni mmoja mwenye suti alisema kidole si kitu, mtoto aseme tu yamefika, watu wametoka mbali. Kinyozi alilalamika kwamba amenyoa nusu ya mji kwa ajili ya leo. Mhandisi alimtazama tu Chiriku. Chiriku alisimama, akarudi kwenye kigeti, akamwambia yule mgeni kwa adabu kwamba shikamoo, lakini maji hayajafika na yeye hawezi kusema yamefika.  Mgeni akaitikia marahaba, akauliza wapi anaweza kupata mahali pa kulala.

Basi ngoma zikapigwa vilevile, kwa kuwa zilikuwa zimeshaletwa, na watu wakacheza kutwa nzima kwa furaha ya siku ambayo haikuwa imefika. Mwalimu wa hesabu aliteguka kiuno.

Alfajiri iliyofuata walirudi wote. Chiriku alikwenda tena kwenye nguzo, akainama, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko jana. Mstari mwekundu ulikuwa ndani ya maji.

"Yamefika," alisema.

Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Mgeni mwenye suti hakuuliza, mtangazaji hakurudia swali, na Shangazi hakusogea hatua moja kutoka kigetini. Mhandisi aliinua simu, akasema neno moja, "Washeni," na mbali, kwenye ukuta ambao wengi wao hawakuwahi kuuona, maji yakaingia kwenye mitambo.

Taa ziliwaka kabla ya uji kuchemka. Zilianza karakanani, zikafuata zahanati na shule, zikapanda kilima nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, na hakuna aliyekubali kuzizima. Baba Chiriku alivaa miwani yake ya kuchomelea na kutoa cheche nyingi hata watoto wakapiga makofi. Redio ilisema kwamba katika miji yote watu wametoka nje kutazama taa zao wenyewe.

Mhandisi aliyekuwa akijiandaa kupanda boti aliwakusanya wanafunzi ufukweni. Chiriku alikuwa katikati, anaongea.

"Sikilizeni," alisema mhandisi. "Ukuta ule umejengwa na maelfu ya watu, na kila mmoja alimwamini mwenzake kwamba amefanya alichosema amefanya. Hakuna namna nyingine ya kujenga kitu kikubwa. Mtu akikosea na akasema, kazi inaendelea. Akikosea na akaficha, wote tunajenga juu ya shimo bila kujua." Akamgeukia Chiriku. "Na wewe, jana uliwanyima watu furaha yao, ukasema bado. Ndiyo sababu leo uliposema yamefika, nimeiwasha nchi nzima bila kutazama."